Chumba cha Barafu, Grimsby

Saa nane usiku nafungua friji, natia kichwa
kama anayetafuta maziwa.
Nje umande umeganda; mimi najifuta shingo kwa kanga.

Kiwandani wananipenda siku hizi.
Wenzangu wakikwepa chumba cha barafu,
najitolea. Nahesabu makasha ya samaki
polepole, polepole,
na msimamizi Maureen ananikonyeza:
hata yeye alipitia humu.

Mama hakuwa na neno la jambo hili.
Alisema tu, "Nimekoma,"
kama mtu aliyeshuka ngazi ya mwisho,
akahamia chumba cha uani, feni usoni.

Daktari analo neno, na kibandiko anacho:
estrojeni, nyembamba kama stempu,
nibandike chini ya kiuno mara mbili kwa wiki.
Nikamweleza habari ya mama mdogo Zuwena,
na titi lake la kushoto.
Hakuharakisha. Akachora vichwa vya watu, safu kwa safu,
akatia wino vichache.
"Hatari ndiyo hii tu," akasema.
Nikavitazama vile vichache.
Kila kimoja kilikuwa na uso wa Zuwena.

Pakiti iko juu ya friji, wiki ya tatu.
Naifungua, nainusa (hainuki chochote), naifunga.
Alhamisi napigwa picha ya matiti. Baada ya hapo
nitaamua mimi,
si woga, wala si marehemu.

Usiku huu dirisha wazi.
Salmini kajifunika mablanketi matatu, kofia kichwani,
wala haulizi.