Maharage Mia Tano

Tuko Sakina, mbali na chumvi.
Dirishani Meru amevaa wingu hadi kiunoni,
na juu ya meza Daktari Mwanahija
amemwaga maharage ya soko la Kilombero.
"Hawa," anasema, "ni changu wa vilindini."
Tunacheka. Yeye hacheki.

Anachota arobaini,
kila moja analitia nukta ya wino wa buluu,
anayarudisha mfukoni, anatikisa.
Chota tena arobaini. Hesabu yenye nukta. Gawanya.
Nanyaro anapata mia nne,
mimi mia nane.
Mfuko una mia tano.

Hamdu, karani wa meli ya ndoana,
aliyekuja na daftari zake ndani ya rambo,
anainua mkono nusu.
"Daktari, harage halipasuki.
Wangu nikimvuta kutoka mita mia nne
macho yanamtoka, tumbo linamjia mdomoni.
Huyo nimtie nukta nimrudishe wapi?"

Mchana tukaingia bahari ya kubuni,
iliyomo kwenye kompyuta ya Nanyaro.
Samaki wake tunawajua wote:
sisi ndio tuliowaumba,
sisi tunaowapunguza, mwaka hadi mwaka, makusudi.
Mbinu tunazipa daftari za uvuvi tu,
kisha tunaziuliza: wamebaki wangapi?

Ya kwanza, ihesabuyo samaki kwa ndoana mia,
ikajibu wapo tele.
Miaka kumi na miwili, wapo tele.
Kwa maana nahodha hukifuata kilima cha chini ya maji
hadi kwenye kundi la mwisho,
na kundi la mwisho likisongamana
ndoana haijui kuwa ni la mwisho.
Mwaka wa kumi na tatu: sifuri.
Hamdu akafunga daftari lake taratibu.

Ya pili ni kazi yangu.
Kijiwe cha sikio, chembamba kama ukucha wa kichanga,
nakata, nasugua, nahesabu pete kwa darubini.
Nilisoma hamsini na moja.
Wiki iliyofuata, kijiwe kile kile,
arobaini na sita.
Miaka mitano ya kiumbe imepotelea wapi
kati ya jicho langu na taa?
Mbinu yangu nayo ilikosea,
ila ilikosea kwa woga,
na Daktari akaandika neno hilo, woga,
akalipigia mstari.

Jioni mfuko haukuwepo mezani.
Mama Anaeli wa jikoni
aliona mahindi yake yamekosa mwenzi.

Tukala makande bila kusemezana,
mvua ikipiga bati.
Hamdu akainua kijiko karibu na balbu:
nukta imechujuka, lakini ipo.
"Mmoja," akasema.
Nanyaro akapata wawili.
Mimi nilitafuta hadi sakafu ya sahani,
nikapata vitunguu.
Kutoonekana si kutokuwepo,
nilitaka kusema, mdomo umejaa.

Daktari alikuwa ameshaomba kalamu.