Ncha

Uzi wa kioo, mwembamba kuliko unywele wa Ndahani,
lakini Ndahani ana upara,
basi tuseme unywele wa mkewe.
Nchani kumechongwa vitundu vya dhahabu
usivyoviona hata ukodoe mpaka jioni.

Maabara, Dodoma. Vumbi limewahi meza kabla yake.
Karanga za Kongwa zimesagwa, zimechujwa,
zimebaki tone kwenye kichupa.

Anachovya.
Mwanga unakwenda mwekundu,
unarudi mwekundu wa namna nyingine kidogo,
kama mtoto aliyetumwa dukani
na chenji haijatimia.

Kuvu.
Sumu isiyo na harufu wala ladha;
ukoo mzima umeila kwenye mlenda, mwaka hadi mwaka.

Anaipangusa ncha. Simu inatetemeka:
mama yake, anauliza
karanga alizotuma zilikuwa tamu?