Mizani

Treni ya Kigoma imechelewa saa saba.
Usiku wa Tabora umejaa mablanketi, ndoo,
kuku watatu ndani ya tenga moja,
na mimi, Kabula wa vifurushi,
nimekaa nyuma ya mizani kama karani wa kiama.

Anakuja na madumu mawili ya asali kutoka Sikonge.
Nausoma mshale.
"Imezidi, baba. Lipia kilo kumi na mbili."
Anasema mizani yangu ni mwizi.
Anasema aliyenizaa ndiye aliyeifundisha.
Kisha mkono wake uko kwenye kola yangu
na stesheni nzima inanyamaza,
hata kuku.

Hapa niseme jambo kuhusu kola.

Kola yangu imeshikwa mara elfu.
Imeshikwa Isevya, kwenye ghala kuukuu la tumbaku,
Jumanne na Ijumaa baada ya alasiri,
juu ya magunia yaliyoshonwa na kujazwa pumba za mpunga,
vumbi likitupigisha chafya kabla hatujainamiana.
Mwalimu wetu wa judo aliitwa Mihayo.
Kwa Kinyamwezi mihayo ni maneno,
lakini yeye maneno aliyapima kwa kibaba.
Miezi mitatu hakutufundisha kumwangusha mtu.
Alitufundisha kuanguka.
Kwa ubavu. Kwa mgongo. Kwa kubingirika kama boga.
Piga mkono chini, toa pumzi, inuka.
Tena.
Siku moja nikamuuliza: Mwalimu, tutapigana lini?
Akanisukuma. Nikaanguka vizuri.
Akaenda kunywa chai.

Kwa hiyo huyu bwana wa asali hajui
kwamba ameshika mahali penye mazoea.
Ngozi ya shingo yangu inamsoma kabla yangu:
kidole gumba kiko juu, kiwiko kimelegea,
miguu imekaribiana mno,
kandambili ya kushoto imekatika.
Nusu hatua tu. Nusu hatua na nyonga,
angejikuta chali akihesabu misumari ya bati.
Najua. Na kwa kuwa najua, sina haraka.
Hasira yangu ipo, sitasema uongo,
imesimama pembeni kama mbwa aliyefungwa,
anabweka, anabweka,
lakini kamba nimeishika mimi.

Natoa pumzi. Moja. Ndefu, kwa pua.
Ndipo ninapoyaona ambayo mwenye hofu hayaoni:
midomo yake imepasuka kwa kiu,
mfuko wa shati una karatasi ya hospitali,
macho ni ya mtu aliyelala sakafuni siku mbili.
"Baba," nasema,
kwa sauti ileile ninayoulizia bei ya nyanya,
"dumu lako moja linavuja."

Anaangalia. Kweli linavuja.
Asali nyeusi ya miombo inatambaa kwenye saruji,
sisimizi wameshapata habari.
Mkono unaiacha kola
kwa sababu umepata kazi nyingine.

Hakuomba radhi. Usidhani.
Alilipa kwa noti zilizokunjwa kama hirizi,
akanitukana tena, safari hii kwa sauti ya chini,
akayaburuta madumu yake gizani.
Watu walicheka. Mmoja akasema, dada huyu mwoga.
Nikaandika risiti.

Jambo moja Mihayo hakutuambia,
au alituambia siku ambayo sikuhudhuria:
mtetemeko haufutwi, unaahirishwa tu.
Waliponipa mgongo niliuweka mkono wa kulia
juu ya mizani, mtupu, kiganja chini.
Mshale ukatetemeka pamoja nao,
robo kilo, nusu, robo,
nikaungoja, sikuusukuma,
mpaka ukasimama pahala pamoja.

Kwa mbali honi, upande wa mashariki.
Mablanketi yakaanza kukunjwa.
"Mzigo unaofuata," nikasema.