Alama ya Mawese

Milioni mbili na laki nne, bila lenzi.
Lenzi ilikuja baadaye, kwa mkopo wa kikoba,
ikapanda basi kutoka Dar hadi Kigoma
imeviringishwa katika blanketi la mtoto,
nikaipokea stendi kama mgeni wa heshima:
karibu, pole na safari, usiguse ukuta.

Tangu siku hiyo nina sheria.
Mkanda shingoni, kisha mkononi, mizunguko miwili.
Lenzi haibadilishwi barabarani Mwandiga,
vumbi jekundu la kule halipigi hodi.
Chai upande ule, kamera upande huu,
katikati pengo la kupita ng'ombe.
Masika, unyevu wa ziwa unapanda hadi Mwanga
ukitafuta kioo cha kuotea ukungu;
kwa hiyo kamera hulala ndani ya ndoo yenye kifuniko
juu ya mchele kilo tatu,
mchele usiopikwa hata tukilala njaa.
(Tuliupika mara moja.
Wali ulinukia begi jipya.)

Na rambo. Serikali imepiga marufuku rambo,
nami ninayo moja, nyeusi, ya zamani,
naificha kama mtu anavyoficha gongo,
kwa ajili ya mvua isiyotoa taarifa.

Lakini sheria ya kwanza kuliko zote
niliitunga kwa ajili ya mtu mmoja:
Mama mdogo Domitila asiguse.
Sikusema kwa ubaya. Mikono yake
ina mawese tangu kabla sijazaliwa.
Anachemsha, anakamua, anapima kwa chupa,
kucha zake zimeshakubali rangi.
Akinyoosha kidole kuonyesha kitu kwenye kioo kidogo
navuta kamera kifuani: "Mama mdogo, mawese!"
Naye huirudisha mikono nyuma
kama mwanafunzi aliyeiba chaki.

Sikuwaza, siku hizo,
noti za rejesho zilitoka wapi.
Kila Alhamisi, noti laini, zimelowa pembeni,
mweka hazina akimaliza kuzihesabu
anafuta vidole kwenye sketi.

Harusi ilikuwa Ujiji, kwa kina Songoro.
Kamera nimeisimamisha juu ya miguu mitatu,
mfuko wa mchanga nimeutundika chini isiyumbe,
nimechora duara kwa chaki: watoto, mwisho hapa.
Nikaenda kumnyoosha bibi harusi shela.
Hatua tano.
Kitoto kikachomoka chini ya meza ya keki
kinamfukuza mwenzake, hakijaanza hata chekechea,
duara la chaki litakiambia nini?
Mguu mmoja ukanyanyuka,
na milioni zangu zikainama taratibu
kama mtu anayesalimia wakwe.

Nilipiga kelele. Kelele hazidaki kitu.

Aliyedaka ni yeye.
Alikuwa anapita na ndoo ya mafuta ya wapishi,
akaitupa,
akadaka kwa mikono miwili, kwa kifua, kwa kidevu,
akaketi nayo chini, kitenge kipya,
katikati ya mawese yanayotambaa kuelekea zulia,
akanitazama kwa hofu.
"Nimeigusa," akasema. "Nisamehe, nimeigusa."

Sikuwa na jibu. Mpaka leo nalitafuta.

Usiku ule nilisafisha. Brashi, kipulizio,
kitambaa laini, spiriti kidogo kwenye pamba,
kila kitufe, kila mfereji.
Lenzi haina mkwaruzo.
Ndoo ya mafuta nilimlipa, akarudisha nusu.
Alama moja nimeibakiza, pembeni, juu ya mkanda,
dole gumba lake zima, mistari yote inasomeka.

Wateja huuliza: hii nini, kutu?
Nawaambia ni bima.
Hawaelewi, nami sielezi. Nasema tu
kidevu juu kidogo, hapo hapo,
na wewe, kijana,
hiyo soda weka chini kwanza.