Kinu cha Kibuye

Mimi husaga makombe.
Si mahindi, si wimbi; hayo yana wenyewe,
mlango wa tatu, penye foleni na udaku.
Kwangu huja magunia yanayonuka tope,
kome na konokono waliokufa zamani,
niwageuze unga wa kuku.

Miaka kumi na tisa sikio langu limekaa kando ya chuma hiki.
Namjua kome wa Nyamware kwa mlio wake,
wa Usoma kwa mlio mwingine,
kama mtu ajuavyo kikohozi cha mkewe
katika nyumba yenye wakohozi wengi.
Zamani kombe lilikataa.
Lilipiga kelele, likarusha cheche,
nami nikabadilisha nyundo za kinu kila Pasaka.
Pasaka hii sikubadilisha.

Peres Abuoro alibwaga gunia mizanini:
ujazo uleule, kamba ileile ya buluu,
kilo sita hazipo.
Akanitazama kana kwamba nimezila.
Nikaondoa jiwe la mizani, nikalirudisha.
Tukanyamaza wote wawili.

Mwanawe Ogweno, kidato cha pili,
hutembea na karatasi nyekundu na za buluu mfukoni
kama wenzake watembeavyo na peremende.
Alichagua konokono mmoja, akamdondoshea siki.
Konokono akachemka, povu tupu,
soda iliyofunguliwa kwa jino.
"Hivyo," akasema, "ila polepole.
Ila ziwa zima. Na bahari nayo,
huko ambako mimi sijafika."
Na hiyo siki inatoka wapi, nikamuuliza.
Akanyosha kidole. Si ziwani:
juu ya paa langu, kwenye bomba la dizeli.
Moshi ulikuwa unapanda bila haraka,
kama mtu anayejua njia ya kwao.

Sikumjibu. Nilimpa shilingi ishirini za mandazi
nikawasha kinu,
kwa sababu ya foleni, kwa sababu ya karo,
kwa sababu kuku wa watu hawangoji hoja.
Gunia la Peres likapita kama pumba.
Nilizima mashine nikidhani mkanda umekatika.
Haukukatika.

Jioni mteja wa Manyatta alinirudishia yai.
Halikuwa na kaka. Ngozi tu,
laini, yenye joto bado,
kiini kikicheza ndani kama jicho lisilo na kope.
Alisema namchanganyia unga na majivu.
Alisema mengi. Nililipokea kwa viganja viwili.

Nimefunga duka, lakini sina pa kuliweka:
hakuna mfuko usiobana, hakuna bakuli lisilo gumu.
Basi natembea nalo hivi kuelekea nyumbani,
mikono mbele, watu wakinipisha,
kama mtu anayechota maji
na amesahau chombo.