Bila Chumvi

Mzee, husema watu, amekula chumvi nyingi.
Basi Zamu naye kaila ya kumtosha:
miaka kumi na minne, meno matatu hayapo,
ncha ya sikio ilibaki kwa dume la akina Thembo.
Na leo daktari wa ng'ombe, yule binti Asiimwe,
ambaye hajawahi kuletewa paka ndani ya kikapu cha sokoni,
anaisoma karatasi iliyorudi kutoka Mbarara,
anaikunja, anasema: figo.
Chumvi, basi. Dagaa, basi.
Samaki mkavu asimwone hata kwa mbali.
Maji, mzee. Mtilie maji kwa kila hila.

Sisi hawa, watu wa Kasese!
Chumvi ya Katwe ililala nasi chumba kimoja,
gunia likitoa jasho pembeni wakati wa mvua.
Kabugho aliiponda juu ya jiwe bapa
na paka akija nyuma yake kulamba jiwe.
Tulicheka. Nani alijua?

Nabandika sufuria ndogo, ile ya uji wa watoto.
Kipande cha ngege, miiba nimeitoa kwa miwani.
Wali kijiko. Boga. Ute wa yai,
na kiini nakila mimi, nimesimama, kama mwizi.
Mchuzi naupoza kikombe hadi kikombe,
nauweka chini.
Ananusa. Ananiinulia macho ya nyapara
aliyekuta mashine imezimwa na hakuna wa kujibu.
Kisha huyo, anakwenda kuketi mbele ya kabati la dagaa.
Dagaa niliwatoa tangu Jumanne.
Harufu ndiyo iliyogoma kuhama.

Mama Ithungu amechungulia juu ya ua:
"Yai la shilingi mia tano, la paka?
Na wajukuu wa watu wanashindia chai ya rangi?"
Sikuwa na jibu. Ni kweli tupu.
Kesho yake nikampelekea mayai mawili,
akayapokea bila neno,
na jioni mtoto akaja amekumbatia boga
kubwa kuliko kichwa chake.

Jina alilipewa na Kabugho.
Nilikuwa nikiingia usiku kiwandani Hima,
narudi alfajiri na saruji kwenye kope,
nakuta kitoto cha paka upande wangu wa kitanda,
pamepata joto.
"Huyu ndiye anayeshika zamu yako," akasema,
na sijui hadi leo kama ulikuwa utani.

Wiki zake za mwisho, yeye pia alikataa chakula.
Nilishika kijiko hivi hivi.
Nikasema, kimoja tu. Nikasema, kwa ajili yangu.
Mara moja niliweka bakuli mezani kwa kishindo
nikatoka nje, nikasimama kwenye mvua
kama mtu aliyetukanwa.
Sikujua kubembeleza. Nilijua kupakia magunia.

Sasa naketi sakafuni. Goti linanung'unika, liache.
Nachovya kidole kwenye mchuzi,
nakiacha hapo, hewani,
simwambii kitu, simtazami,
nasoma tangazo la mbolea kwenye gazeti kuukuu.
Dakika nyingi.
Halafu ulimi, mkwaruzo wa msasa, mara moja.
Mara ya pili.
Mara ya tatu nashika pumzi.

Nesi wa presha alinikataza chumvi miaka sita iliyopita
nami nikawa namwitikia tu.
Siku hizi sufuria ni moja, ladha ni moja,
na mimi nalalamika kuliko yeye.

Maji ya bakuli hayataki.
Anapanda ukingo wa ndoo yangu ya kunawia uso,
anainama mpaka naogopa ataanguka,
anakunywa, anakunywa.
Ndoo nimeiacha hapo hapo.
Mimi nanawa bombani, nje, na baridi hii.