Futi Saba na Inchi Mbili

Futi saba na inchi mbili:
ndio upana wake, tulivyoambiwa kwa simu.
Lugata akakata kamba ya katani kwa kipimo hicho,
tukaivusha jioni baina ya yale majabali mawili ya Nyasaka
ambayo watoto wa mtaa wanayaita Kulwa na Doto.
Kamba ikapita. Ikabaki nafasi ya ngumi,
ngumi yangu, si yake.

Tangu siku hiyo hatulali vizuri.
Mchomeleaji wa Mabatini ametufungia ndoano nyuma ya pikapu,
akaipiga nyundo mara tatu, akasema,
"Hii itavuta hata ndoa."
Lugata hakucheka. Alikuwa anahesabu nati.

Kurudi nyuma ndiko kunakomtoa jasho.
Miaka ishirini na tisa ameendesha pamba ya watu
kutoka Ngudu, kutoka Malya, robota juu ya robota,
lakini tela hajawahi kulivuta.
Sasa anajifunza kwa toroli ya jirani, imefungwa kwa waya:
ukitaka mkia uende kulia, kata usukani kushoto.
Watoto wanamwelekeza wote kwa pamoja,
kila mmoja na kulia kwake.

Orodha nimeiandika nyuma ya kadi ya kliniki,
mazoea ya wodini:
taa za breki. Upepo. Tairi la akiba.
Mnyororo, uwe na kufuli.
Kadi ya umiliki, jina lifanane na kitambulisho.
Bima.
Chini kabisa, kwa kalamu nyingine,
Lugata ameongeza: chumvi.
Sijamuuliza.

Majirani wao wanauliza.
"Nyumba mnayo, mnanunua nyingine ya magurudumu,
mnamkimbia nani?"
Nawaambia tutavuka daraja la Busisi, tutafika Sengerema, tutarudi.
Siwaambii kwamba miaka thelathini nimelala
sikio moja likiwa wodi ya wazazi,
na kwamba nataka usiku mmoja tu, mahali
ambapo anayekuja kuniita
hajui mlango uko upande gani.

Jumamosi, Magu. Mwenye tela ni Bi Milembe,
marehemu mumewe alikuwa mpima ardhi.
Ameliosha. Ameliosha mno, nikashuku.
Lugata akaingia chini ya ekseli na tochi,
mimi nikapiga magoti ndani, nikaibonyeza sakafu kwa dole gumba
kama unavyobonyeza mguu wa mjamzito uliovimba.
Kila mahali mbao ilikisukuma kidole.
Chini ya dirisha la kushoto haikukisukuma.
Alama ikabaki, kishimo kidogo.

"Hapa pamekunywa maji," nikasema.
Bi Milembe akatazama dirisha, si sakafu.
"Hapo ndipo alipokuwa akiweka birika."

Bei ikashuka laki nne.
Nilizihesabu mara mbili zile zilizobaki mkononi
na sikuona raha niliyoitarajia.

Tukatoka Magu kwa mwendo wa harusi,
kioo cha pembeni chote cheupe.
Bodaboda zikatupita, na ng'ombe mmoja karibu atupite.
Ziwa likachungulia upande wa kulia, likafunikwa na migomba,
Lugata hakuligeukia, macho yake yote yako nyuma.

Kabla ya Kisesa tukasikia kitu kinagonga.
Akasimama. Akazunguka mara mbili, akagusa nati zake moja moja,
akalala tena chini na shati lake jeupe.
Mimi nikafungua droo:
kijiko kimoja cha chai.

Nikampigia Bi Milembe. Kimya kikapita,
nikadhani mtandao umekatika.
"Kiacheni humo," akasema. "Hapa ninavyo sita."

Lugata akajipangusa vumbi, akatoa mfukoni
mayai mawili ya kuchemsha na karatasi iliyokunjwa.
Kumbe chumvi.
Tukala tumesimama, tumeegemea mlango wetu.

Kijiko nikakivingirisha kwa leso.
Hadi Igoma kilinyamaza, kisha kikaanza tena.
Lugata akapandisha sauti ya redio,
akasikiliza kidogo,
akaizima.